Kichwa cha ukurasa: kibao kinachomwelekeza mkazi kwenye huduma

Ni saa tatu usiku. Mama anayeishi Gatwekera anataka kujua ni wapi atakapompeleka mtoto kupata chanjo kesho. Anachukua simu na kuandika kwenye Google: "chanjo ya mtoto Kibera". Huenda kliniki iliyo karibu naye ina tovuti yenye siku na saa zote. Lakini ikiwa kichwa cha ukurasa huo ni "Nyumbani" au "Karibu", mama huyo anaweza kupitisha macho bila kujua kwamba alichokitafuta kipo hapo.

Kichwa cha ukurasa ni maneno yanayoonekana kwa herufi kubwa kidogo katika orodha ya majibu ya utafutaji. Huandikwa katika mipangilio ya tovuti, na kinaweza kutofautiana na kichwa ambacho msomaji hukiona akishafungua ukurasa. Mtambo wa Google hukitumia ili kuelewa ukurasa unahusu nini, na msomaji hukitumia kuamua kama ataufungua. Ni kama kibao cha matatu: gari lisiloonyesha linakokwenda hupitwa, hata kama lina viti.

Kwa shule, makundi ya vijana, vituo vya kulelea watoto na wafanyabiashara wa Kibera na Kawangware, haya ndiyo ya kuzingatia.

1. Taja huduma, kisha mahali. Badala ya "Tangazo Muhimu", andika "Chanjo za Watoto Laini Saba, Kibera: Siku na Saa". Kichwa hiki kina herufi 48 pamoja na nafasi. Hakuna kikomo rasmi, lakini kichwa kirefu hukatwa kwenye skrini, hivyo ni salama kubaki chini ya herufi 60 na kutanguliza maneno muhimu.

2. Tumia maneno ya wakazi. Ofisi huandika "ufadhili wa masomo", mzazi huandika "basari". Karatasi rasmi husema Wadi ya Kawangware, lakini anayeshuka hapo husema "Kawangware 46".

3. Kumbuka majina mawili. Kibra, neno lenye asili ya Kinubi linalomaanisha msitu, ndilo jina la eneo bunge lililopiga kura kwa mara ya kwanza mwaka wa 2013. Wakazi wengi bado huandika Kibera. Ukitumia moja kwenye kichwa, taja jingine ndani ya ukurasa.

4. Kila ukurasa uwe na kichwa chake. Kurasa kumi zenye jina la shirika pekee hazimwambii mtu upi una fomu na upi una nambari ya simu.

5. Usirundike maneno. Kuorodhesha Lindi, Makina, Silanga na Soweto katika kichwa kimoja hakusaidii. Google inaweza kukiacha kichwa cha namna hiyo na kuonyesha maneno mengine iliyoyachagua yenyewe. Pia usiahidi kisichokuwemo. Mzazi akifungua ukurasa wa basari akakuta picha za hafla, hatarudi.

Jambo hili si geni kwa Kibera. Hadi mwaka wa 2009, mtaa huu wenye watu wengi ulikuwa karibu mtupu kwenye ramani za mtandaoni. Mwaka huo, vijana wa hapa walianza mradi wa Map Kibera pamoja na Erica Hagen na Mikel Maron, wakatembea na vifaa vya GPS na kuweka njia, zahanati, shule, vyoo na vituo vya maji kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Vitu hivyo vilikuwepo tangu zamani. Kilichokosekana ni mtu wa kuvitaja kwa majina yake.

Kichwa kizuri pekee hakihakikishi nafasi ya kwanza. Ukurasa wenyewe lazima uwe na habari sahihi na za sasa. Mabadiliko nayo huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki, kabla ya kuonekana.

Leo jioni, mwombe jirani asiyejua jina la shirika au biashara yako atafute huduma unayotoa kwa maneno yake mwenyewe. Andika maneno aliyoyatumia. Hayo ndiyo mwanzo wa kichwa chako kipya.