Breki Mbili za Pikipiki: Jua Haya Kabla ya Kupanda



Wengi wetu huenda kliniki na sokoni kwa bodaboda. Leo tuzungumze kuhusu breki zake.

Pikipiki ina breki mbili. Ya mbele huminywa kwa mkono wa kulia. Ya nyuma hukanyagwa kwa mguu wa kulia. Baadhi ya waendeshaji huiogopa ya mbele, wakidhani itawarusha. Basi hutumia ya nyuma peke yake. Je, hiyo ni salama? La.

Kwa nini? Matatu ikifunga breki ghafla, mwili wako husukumwa mbele. Pikipiki nayo ni vivyo hivyo. Inapopunguza mwendo, uzito huhamia gurudumu la mbele, nalo hushika barabara zaidi. La nyuma hubaki jepesi. Likifungwa kwa nguvu huacha kuzunguka, na pikipiki huteleza. Ndiyo sababu breki ya mbele husimamisha pikipiki vizuri zaidi kwenye barabara kavu.

Lakini isiminywe ghafla. Iminywe kidogo kidogo, pamoja na ya nyuma, pikipiki ikiwa imenyooka. Kabla ya kona, mwendo upunguzwe mapema. Kwenye matope, mchanga au changarawe, zote zitumiwe kwa upole, hasa ya mbele. Gurudumu la mbele likiteleza, ni rahisi kuanguka.

Wewe ufanye nini?

1. Kabla ya kupanda, mwombe mwendeshaji ajaribu breki zote mbili. Moja ikiwa mbovu, tafuta pikipiki nyingine.

2. Usikubali mtoto aketi kwenye tangi la mafuta. Humzuia mwendeshaji, na pikipiki ikisimama ghafla, mtoto hugonga usukani.

3. Msipakiane. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu. Uzito ukizidi, pikipiki huchelewa kusimama.

4. Vaa helmeti na uifunge kidevuni.

5. Mwendo ukizidi, sema, "Polepole, mwanangu." Usione haya.

Na kama kijana wako ni mwendeshaji, mhimize ajizoeze breki zote mbili uwanjani, bila abiria, kwa mwendo mdogo.

Kumbuka: breki mbili, kwa pamoja, kwa upole. Mweleze na jirani yako.