Mtoto Anayekinzana na Sheria: Nia Njema Nayo Ipimwe

Kijana wa miaka 14 akikamatwa na simu ya wizi, mabishano mtaani huwa ni yale yale: aadhibiwe au ahurumiwe? Historia ya kazi ya ustawi wa jamii inaonyesha kwamba mabishano hayo yanaacha nje jambo kubwa. Kwa zaidi ya miaka 120 wenye huruma wamejaribu njia nyingi za kuwaokoa watoto, na baadhi ya njia hizo ziliwaumiza watoto wale wale. Ninavyoona, badiliko kubwa katika fani hii halikuwa kuhama kutoka ukali kwenda upole. Lilikuwa kukubali kwamba nia njema nayo lazima ipimwe kwa matokeo yake.

Mwaka 1899 Chicago ilifungua mahakama ya kwanza ya watoto nchini Marekani, baada ya harakati ndefu za watu kama Jane Addams na Julia Lathrop wa Hull House, kituo cha huduma za jamii mjini humo. Kabla ya hapo mtoto aliweza kufungwa pamoja na wezi waliokomaa. Sasa hakimu akawa mzazi na afisa wa probesheni akawa jicho lake nyumbani kwa mtoto. Wakili alionekana hana kazi hapo, kwani nani anahitaji kutetewa dhidi ya baba yake? Hatari ya mpango huo ilidhihirika Arizona mwaka 1964. Gerald Gault, mwenye miaka 15, alituhumiwa kumpigia jirani simu ya maneno machafu. Alichukuliwa nyumbani wazazi wakiwa kazini, bila wao kuarifiwa. Mlalamikaji hakufika mbele ya hakimu, lakini kijana akaamriwa akae katika shule ya marekebisho mpaka atimize miaka 21. Mtu mzima kwa kosa hilo angetozwa faini ya dola 5 hadi 50, au kufungwa miezi isiyozidi miwili. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mtoto naye ana haki ya wakili na ya kujua anashitakiwa kwa lipi.

Lakini haki mahakamani haikutosha kueleza kama msaada wenyewe unasaidia. Hapo ndipo ninapouona utafiti wa Cambridge na Somerville, Massachusetts, kuwa somo zito kuliko yote. Kuanzia mwaka 1939 mamia ya wavulana waligawanywa makundi mawili yanayofanana. Kundi moja lilipewa washauri waliowatembelea nyumbani, masomo ya ziada, matibabu na kambi za likizo. Jingine liliachwa kama lilivyo. Miaka 30 baada ya mradi kwisha, mtafiti Joan McCord aliwatafuta wote. Wengi wa waliosaidiwa waliwakumbuka washauri wao kwa shukrani. Hata hivyo rekodi zilionyesha kwamba walikuwa wamerudia makosa zaidi, wamesumbuliwa zaidi na ulevi, na kufa mapema kuliko wale walioachwa. Walioathirika sana ni waliopelekwa kambini mara kwa mara, pengine kwa sababu huko walijifunza tabia mbaya kwa wenzao.

Kuna watakaosema hizi ni hadithi za mbali, na kwamba aliyevamiwa usiku na genge la vijana la Panya Road wenye mapanga jijini Dar es Salaam hana haja na tafiti za Marekani. Uchungu wake ni wa kweli, na kijana mwenye ukatili wa namna hiyo azuiwe mahali salama. Tatizo ni kumchanganya naye yule aliyeiba simu, maana hapo tunampa mwalimu wa uhalifu. Wengine watauliza: kama msaada unaweza kudhuru, si bora tuache kabisa? La. Programu zinazofanya kazi na familia nzima, nyumbani kwake, mara nyingi zimeleta matokeo mazuri, ingawa si kila mahali. Massachusetts yenyewe, chini ya Jerome Miller, mkuu wa idara yake ya huduma za vijana, ilifunga shule zake kubwa za marekebisho mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wimbi la uhalifu lililohofiwa halikutokea.

Afrika Mashariki nako sheria zimebadilika. Kenya mwaka 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Tanzania, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ilikataza mtoto kuhukumiwa kifungo na kumpa afisa wa ustawi wa jamii jukumu la kuandaa taarifa kwa ajili ya Mahakama ya Watoto. Taarifa hiyo ina uzito mkubwa. Mtoto wa Mtwara akipelekwa shule ya maadilisho ya Irambo, Mbeya, mama yake atahitaji nauli na siku za safari ili amwone tu. Basi afisa anayependekeza Irambo aandike pia kwa nini shangazi, mwalimu au fundi aliye tayari kumpokea mtoto huyo hatoshi, na mtoto akitoka huko atarudi kwa nani.