KWA BAISKELI KANDO YA ZIWA: BUSIU HADI JINJA

Wengi wa wasomaji wa gazeti letu wana baiskeli, lakini huzitumia kwa kwenda shuleni, sokoni au kisimani tu. Napenda kuwaeleza jinsi baiskeli inavyofaa kwa matembezi ya siku tano, pamoja na kosa moja nililolifanya, ili ninyi msilifanye.

Katika likizo ya Januari tulifunga safari watu watatu: mimi, rafiki yangu, na mdogo wangu mwenye miaka 14. Kutoka Busiu kwenda Jinja, malori hupita Tororo, Bugiri na Iganga. Sisi tulichagua kuzunguka kusini ili tulione Ziwa Victoria: Tororo, Busia, Lumino, Majanji, Namayingo, Mayuge na Musita. Kutoka Busia hadi Musita ni kama kilometa 100, na siku hizi barabara hiyo ina lami.

Vifaa si vingi. Chukueni pampu, viraka na solusheni, spana, maji ya kutosha, na blanketi moja kwa kila mtu. Mzigo ufungwe imara juu ya keria, kwa maana mzigo unaoyumba huchosha kuliko mlima.

Siku ya kwanza tuliondoka alfajiri, na mwamba wa Tororo ukaonekana toka mbali. Mimi na rafiki yangu tulikuwa na baiskeli nyepesi zenye gia. Mdogo wangu alipanda ya baba, nzito, isiyo na gia. Tukatangulia kwa majivuno. Kila tulipopata kivuli tuliketi kumngoja, naye alipotufikia tu, sisi tukaondoka. Baada ya Tororo hatukumngoja tena. Tulifika Busia alasiri. Jua likazama, hajaonekana.

Tulirudi na tochi, moyo ukinidunda kila lori lilipotupita. Tulimkuta ameketi kando ya barabara, mnyororo wa baiskeli umekatika, na mfuko wa vifaa uko kwenye keria yangu mimi! Hakulia. Alisema tu, "Kaka, kesho mimi narudi nyumbani."

Usiku ule sikulala, nikapiga hesabu. Tuseme katika kila saa tulimngoja dakika 10. Basi sisi tulipumzika dakika 10, na yeye hakupumzika hata moja. Kumbe wenye nguvu ndio waliokuwa wakipumzika, na mnyonge ndiye aliyefanya kazi mfululizo! Nilimwomba radhi, nikampa baiskeli yangu, nami nikachukua ile ya baba. Kisha tukaweka sheria tatu: mdogo atangulie, na asipitwe na mtu, akisimama, wote wasimame, na yeye ndiye atakayesema "twende", na vifaa vikae kwa yule wa nyuma, ambaye huwaona wote. Akakubali kuendelea siku moja, ajaribu.

Siku hiyo tulifika Majanji. Hapo ziwa hutokea ghafula, jeupe kwa jua, na wavuvi wameanika dagaa. Tulikaa mchana kutwa, na hakuna aliyetaja kurudi.

Kando ya ziwa ni vizuri kujua habari za upepo. Asubuhi huwa shwari. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na ile ya baridi kutoka ziwani huja kushika mahali pake. Kwa hiyo tulipokuwa tukienda Namayingo na Mayuge, tangu saa sita upepo ulitupiga ubavu wa kushoto. Tukajifunza kuondoka saa kumi na mbili asubuhi na kupumzika saa tano.

Siku ya tano tulipita mashamba ya miwa ya Kakira, tukaingia Jinja. Tulisimama mahali Mto Nile unapotoka ziwani, ambapo Speke alifika tarehe 28 Julai 1862. Maporomoko ya Ripon aliyoyaona hayaonekani tena. Yalifunikwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Mbele kuna daraja jipya lenye urefu wa meta 525, lililofunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018.

Mdogo wangu ndiye aliyeuona mto kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele. Aligeuka akapiga kelele, "Twende!"

Basi, wenzangu, mkifunga safari, msiulize nani ana mbio. Ulizeni nani ni wa mwisho, mkamweke mbele. Hatukuchelewa kufika kwa sababu hiyo hata siku moja.