Ngozi Kulegea Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzani: Kinachosaidia na Kinachokula Pesa Bure

Na Mwandishi Wetu, Kitengo cha Mawasiliano ya Kaunti

Mtu anayejiandaa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzani huwa na swali moja ambalo haliishi kichwani: nikishakonda, ngozi hii itarudi mahali pake? Wapo wanaomuuliza daktari. Wengi humuuliza muuza vipodozi, na hapo ndipo pesa huanza kupotea.

Jibu ni kwamba ngozi iliyovutika kwa miaka mingi hairudi yote. Hakuna mafuta, vidonge, chai wala mkanda unaoweza kuzuia hilo. Hata hivyo, yapo mambo machache yaliyo mikononi mwa mgonjwa ambayo hupunguza ukali wa tatizo, hasa yakianza kabla ya upasuaji na kuendelea mwaka mmoja na nusu baada yake. Mengi hayahitaji fedha nyingi, lakini yote yanahitaji subira.

Kwa nini ngozi hulegea

Upasuaji huu ni wa watu wenye unene wa kupindukia, hasa walio na maradhi kama kisukari au shinikizo la damu. Kwa mfano, mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2022 unapendekeza upasuaji kwa mtu mwenye kipimo cha BMI cha 35 na zaidi. Kwa mkazi mwenye urefu wa mita 1.60, hiyo ni kama kilo 90.

Aina mbili ndizo hufanywa zaidi. Katika ya kwanza, daktari hukata kiasi cha robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula na kubakisha mfuko mwembamba wenye umbo la ndizi. Katika ya pili, hutengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo, ili chakula kipite njia ya mkato. Kwa zote mbili, uzani mwingi hupungua katika miezi 12 hadi 18 ya mwanzo.

Ngozi nayo ina nyuzi za aina mbili zinazoipa nguvu: kolajeni, inayoishikilia, na elastini, inayoirudisha ikivutwa. Fikiria mpira wa kiunoni wa sketi ya shule. Ukivutwa siku moja, unarudi. Ukivutwa miaka kumi, nyuzi za ndani hukatika, na hata uifue sketi vipi, kiuno hakikazi tena. Ndivyo ilivyo kwa ngozi ya tumbo, mikono ya juu, mapaja, matiti na chini ya kidevu.

Kiasi kitakachobaki kinategemea umri, idadi ya kilo zilizopungua, miaka ambayo mtu amekaa na unene huo, na maumbile ya kurithi. Hayo hayabadiliki. Kijana wa miaka 25 aliyepoteza kilo 20 na mama wa miaka 50 aliyepoteza kilo 60 hawawezi kupata matokeo sawa, kwa hivyo si haki kuwalinganisha kwa picha za simu.

Wako pia wanaoshauri mtu apunguze uzani polepole ili ngozi iwahi kujikaza. Baada ya upasuaji, kasi hiyo huichagui wewe. Kula vitamu ili kuupunguzia mwili kasi ni kuharibu matibabu, na kujinyima chakula ili upungue haraka zaidi ni kuyeyusha misuli. Fuata mpango wa hospitali yako.

Protini kwanza, ugali baadaye

Hapa ndipo mgonjwa ana uwezo mkubwa zaidi. Mwili unatengeneza kolajeni na misuli kwa kutumia protini. Ukiukosesha protini huku uzani ukishuka, hula misuli yake wenyewe, na ngozi hubaki imening'inia juu ya mwili usio na kitu cha kuijaza. Nywele nazo hukatika zaidi, na vidonda huchelewa kupona.

Miongozo ya matibabu haya hutaja angalau gramu 60 za protini kwa siku. Si rahisi kuzifikia, kwa sababu mfuko mpya hauingizi zaidi ya kikombe kidogo cha chakula kwa mara moja. Ukianza na ugali, wali au mahamri, mfuko umejaa kabla hujagusa samaki. Kwa hivyo kanuni ya mezani ni kuanza na protini, kisha mboga, na wanga mwisho kama nafasi imebaki.

Hebu tufanye hesabu kwa bei ya soko. Yai moja lina kama gramu 6. Glasi ya maziwa au mala ina kama 8, na mala huwafaa wale ambao maziwa fresh huwasumbua tumbo baada ya upasuaji. Kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 100 kina kiasi cha 25, na nyama au kuku hakikosi hapo. Nusu kikombe cha ndengu au maharagwe yaliyopikwa hutoa kama 7. Basi mayai mawili asubuhi, glasi ya mala saa nne, kipande cha samaki mchana, glasi ya maziwa alasiri na ndengu jioni, tayari umefika gramu 60, bila unga wa protini wa makopo unaouzwa maelfu ya shilingi. Unga huo una kazi yake katika wiki za mwanzo, wakati mtu anakunywa vitu vya majimaji tu, lakini uulizie kwa mtaalamu wa lishe kwanza. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila kumwona daktari.

Mbaazi za nazi, kipenzi cha Pwani, zina protini, ila tui zito huleta mafuta mengi, na mahamri yanayoziandama ndiyo yanayoharibu hesabu. Soda, juisi na chai ya sukari nyingi huleta shida zaidi kwa waliofanyiwa ile njia ya mkato: moyo kwenda mbio, jasho, kizunguzungu na kuhara muda mfupi baada ya kunywa.

Maji yanywewe kidogo kidogo kutwa nzima, jumla lita moja na nusu hadi mbili, lakini si pamoja na chakula. Subiri nusu saa hivi baada ya kula. Maji hayakazi ngozi, kama wengi wanavyodhani. Yanazuia kuishiwa maji mwilini, jambo ambalo huwarudisha wagonjwa wengi hospitalini. Anayekusudia kufunga Ramadhani azungumze mapema na daktari wake, hasa akiwa bado katika mwaka wa kwanza, kwa kuwa kupata maji na protini ya kutosha kati ya magharibi na alfajiri kwa mfuko mdogo namna hiyo ni kazi ngumu.

Vidonge vya vitamini na madini (B12, chuma, kalsiamu, vitamini D) ni vya maisha. Wengi huviacha baada ya miezi sita kwa sababu wanajisikia vizuri. Upungufu wa damu na ganzi ya miguu huja baadaye, polepole, na uharibifu wa neva huweza kuwa wa kudumu.

Misuli hujaza nafasi

Sehemu ya kilo zinazopungua huwa ni misuli, isipokuwa mtu aifanyishe kazi. Mazoezi hayakazi ngozi yenyewe, ila misuli ya mapaja, mikono na makalio ikijengeka, ngozi hukaa juu ya kitu, na mwili huonekana tofauti.

Kutembea huanza mapema, mara nyingi siku ile ile ya upasuaji au siku inayofuata. Kubeba vitu vizito husubiri ruhusa ya daktari, kwa kawaida wiki kadhaa. Hii inamaanisha mtungi wa maji wa lita 20 ubebwe na mtu mwingine nyumbani, na jamaa waelezwe hivyo kabla mgonjwa hajatoka hospitalini. Baada ya ruhusa, mazoezi ya nguvu mara mbili au tatu kwa wiki yanatosha. Kaa kwenye kiti na uinuke bila kushika kitu, mara kumi. Sukuma ukuta kwa mikono miwili. Inua pakiti ya unga ya kilo 2 kila mkono. Gym si lazima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na matembezi ya jioni pale Mama Ngina yanahesabika.

Sigara, shisha na mimba

Moshi wa tumbaku hubana mishipa midogo ya damu inayolisha ngozi na kuharibu kolajeni. Pia huchelewesha kidonda kupona na huleta vidonda vya ndani kwa waliounganishwa utumbo. Aache angalau wiki sita kabla ya upasuaji, na asirudie. Shisha imo. Ilipigwa marufuku nchini Desemba 2017, ingawa sote tunajua bado inavutwa vyumbani.

Kwa akina mama, uzani ukishuka uwezo wa kushika mimba huongezeka ghafla, hata kwa waliosubiri miaka. Madaktari hushauri kungoja miezi 12 hadi 18, kwanza kwa ajili ya lishe ya mtoto na mama, na pia kwa kuwa ngozi itavutika upya kabla haijatulia. Vidonge vya kupanga uzazi huenda visifyonzwe vizuri baada ya upasuaji wa njia ya mkato, hivyo uliza zahanati kuhusu kipandikizi au koili.

Mafuta, mikanda na mkaja

Mafuta ya nazi au ya kujipaka ya kawaida huondoa ukavu na mwasho. Hayafiki kwenye nyuzi zilizokatika. Bidhaa inayodai kukaza ngozi ya tumbo kwa wiki mbili inauza maneno.

Hatari iko kwenye krimu za steroidi, zinazouzwa kiholela kama dawa ya kila kitu na mara nyingi kuchanganywa kwenye mafuta ya kujichubua. Zikipakwa muda mrefu, hasa kwenye mikunjo, huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuleta michirizi, yaani kinyume kabisa cha kile mtu alichokuwa akitafuta. Nyingine za kujichubua zina zebaki, ambayo hudhuru figo na imepigwa marufuku nchini.

Mkaja tunaoujua tangu kwa bibi zetu, na mikanda ya kisasa inayouzwa kwa jina jingine, hushikilia tumbo na kupunguza msuguano mtu anapotembea. Kwa faraja hiyo, fungeni. Ukifunguliwa, ngozi iko vile vile. Usikazwe hadi pumzi ikakatika, na usivaliwe juu ya kidonda kibichi bila ushauri.

Kutunza mikunjo katika joto letu

Ngozi iliyobaki hukunjika, jasho hukaa ndani, na fangasi hupenda hapo. Mwezi wa Machi Mombasa unatosha kumpa mtu upele asiye na tatizo lolote, sembuse mwenye mkunjo wa tumbo.

Osha kwa maji na sabuni isiyo kali, kila siku. Kausha kwa kugusagusa, bila kusugua, mpaka kuwe kukavu kabisa. Weka kitambaa safi cha pamba ndani ya mkunjo, hata kipande cha leso kuukuu, na ukibadilishe kikilowa. Vaa pamba. Usijaze mafuta mazito ndani ya mikunjo.

Ukiona wekundu au weusi mpya, unyevu wenye harufu, mpasuko au kidonda, nenda kituo cha afya kilicho karibu. Dawa za fangasi zipo na si ghali. Wekundu unaosambaa pamoja na homa ni dharura, hasa kwa mwenye kisukari. Hakikisha kila ziara imeandikwa kwenye kitabu chako cha hospitali. Maandishi hayo humsaidia daktari baadaye kuonyesha kwamba kuondoa ngozi ni haja ya kiafya.

Na kwa jirani: mtu aliyepungua kilo 50 hahitaji kuambiwa kwamba amezeeka au "ameisha". Wapo wanaojifungia ndani na kuogopa kuvua nguo mbele ya wenzi wao kwa maneno kama hayo. Ikiwa hali imefika hapo, hospitali ina washauri, na kuongea nao ni sehemu ya matibabu.

Ikibidi kukatwa

Ngozi inayosumbua kupita kiasi huondolewa kwa upasuaji tu. Haifanywi mapema. Uzani unapaswa kuwa umetulia kwa angalau miezi sita, jambo ambalo kwa kawaida hutokea mwaka mmoja na nusu hivi baada ya upasuaji wa kwanza. Ukifanyiwa kabla ya hapo, kilo zikiendelea kushuka ngozi italegea tena. Zikipanda, kovu litavutika. Damu hupimwa kwanza, kwa sababu wengi huwa na upungufu wa chuma au protini. Kovu litakuwa refu, mara nyingi kutoka nyonga hadi nyonga, na kuna hatari ya kutokwa damu, maambukizi, majimaji kukusanyika chini ya ngozi, na damu kuganda miguuni.

Kabla ya kulipa hata shilingi, tafuta jina la daktari na la kituo katika orodha za Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), zilizo wazi kwenye tovuti yake. Saluni si hospitali, hata ikiwa na kitanda na taa. Omba gharama yote kwa maandishi, ikiwemo dawa ya usingizi, kulazwa na ziara za kufunga kidonda, na uulize dawati la SHA la hospitali hiyo, au bima yako binafsi, ni kiasi gani kitalipwa na ni kipi kitatoka mfukoni mwako. Nenda na kitabu chako cha hospitali.