Mita 2,000 za Muhazi

Abiria wanaoshuka stendi ya Nyabugogo jijini Kigali, wawe wametoka Kampala au Rusumo, hupita karibu na mto wenye jina hilohilo bila hata kuutupia jicho. Maji yake yanatoka Ziwa Muhazi, mashariki mwa jiji, na safari ya maji hayo ni ndefu: Nyabarongo, Akagera, Ziwa Victoria, kisha Nile.

Muhazi ni bonde lililomezwa na maji, jembamba na lenye vidole vinavyopenya kati ya vilima. Mwaka 1999 lilijengewa bwawa upande wa magharibi, maji yanakotokea. Sehemu ya ufuo wake imo Wilaya ya Gasabo, na juu yake kuna kilima cha Gasabo, ambako simulizi za Wanyarwanda husema ndiko ufalme ulikoanzia.

Bonde la namna hii ndilo mpiga makasia analolitafuta. Mashindano ya kimataifa yanahitaji mita 2,000 zilizonyooka na njia sita, kila moja ikiwa na upana wa mita 13.5. Jumla ni mita 81, na Muhazi inazitoa na chenji ikabaki. Kazi ni kupata kipande kisicho na kona na kilichokingwa na upepo, kwa kuwa wimbi dogo tu linatosha kuuyumbisha mtumbwi wa mtu mmoja, ambao uzito wake huanzia kilo 14. Kamba za maboya zinazotenga njia huitwa Albano, kwa jina la ziwa la karibu na Roma lililotumika katika Olimpiki ya 1960.

Mvuvi wa Muhazi hutazama aendako, kasia moja mkononi. Mwanamichezo huketi kwenye kiti kinachoteleza, akaipa mgongo safari yake na kusukuma kwa miguu. Hapo ndipo wengi hushangaa: mchezo huu ni wa mapaja kuliko mikono. Jirani zetu wa Uganda wameshauonja: Kathleen Noble aliwawakilisha Tokyo, Olimpiki iliyofanyika 2021.

Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza Afrika, na vilima vikawa ndio mtihani wenyewe. Kwa makasia ya Muhazi, mimi ningeanza kwa unyenyekevu: mitumbwi michache, watoto wa ufuoni, wa Gikomero na Rutunga, na makubaliano na wavuvi kuhusu saa za alfajiri, maana ziwa linapotulia ndipo na wao huwa kwenye nyavu zao.