Dawa ya Porini Hupimwa Kwanza

Hapa Ihanja mama akigundua uvimbe katika titi, mara nyingi huona haya kusema. Huchemsha mizizi, hunywa, hungoja. Mimi ndimi niandikaye kitabu cha marehemu cha parokia, na baadhi ya akina mama hao nimewaandika humo. Kwa hiyo leo nakupa habari za mti mmoja.

Usidhani nadharau dawa za wazee. La! Mwaka 1972 mtaalamu wa Marekani, S. Morris Kupchan, pamoja na wenzake, walitangaza kwamba miti ya jamii ya Maytenus kutoka Afrika Mashariki ina kitu chenye nguvu juu ya kansa. Wakakiita maytansini. Mmoja wa miti hiyo huota Shimba Hills, kusini ya Mombasa. Huko zilikatwa tani 27 kwa ajili ya majaribio, maana kilo nzima hutoa miligramu chache tu.

Je, wagonjwa walichemshiwa wanywe? Hasha! Dawa ilijaribiwa kwanza katika vyupa, juu ya chembe za kansa, kisha juu ya panya. Ilishinda. Ndipo wagonjwa wachache wakapewa kwa vipimo vidogo. Wakatapika, wakaharisha, mishipa ya fahamu ikadhurika. Sumu iliyoua kansa ilimwumiza na mwenye mwili. Dawa ikawekwa kando.

Baadaye wataalamu waliigeuza sumu ile kidogo, wakaifunga kwenye protini inayotafuta aina mojawapo ya kansa ya titi, mfano wa barua yenye anwani. Mwaka 2013 Marekani iliruhusu dawa hiyo, Kadcyla, itumike. Hesabu mwenyewe: miaka 41!

Basi, chungu cha jikoni kitapima hayo? Hakijui kiasi, wala hakijui sumu. Mzizi waweza kuwa na nguvu kweli, na nguvu hiyo hiyo ikaharibu ini na figo.

Mama, ukiona uvimbe, usingoje mavuno. Nenda zahanati upesi, upelekwe hospitali. Kama umekwisha kunywa mizizi, mwambie daktari pasipo kuficha. Nawe baba, uza mbuzi umpeleke mkeo. Kansa ya titi ikigunduliwa mapema, wengi hupona. Kitabu changu hakina haraka na jina lake.