Je, Wajua? Mguu ukiutangulia mpira, umetolewa

Mwangalie mkimbiaji wa softiboli ya mrusho wa kasi akiwa kituo cha kwanza. Mguu mmoja umekanyaga ukingo wa kituo, magoti yamekunjwa, macho hayabanduki kwenye kiganja cha mrushaji. Mpira ukiachia vidole tu, huyoo! Akitangulia hata kwa kufumba na kufumbua, mwamuzi anasimamisha mchezo, mrusho hauhesabiwi, naye anatolewa.

Mpeleke sasa kwenye softiboli ya mrusho wa taratibu. Kwa kanuni zake za kawaida, mpira kutoka mkononi hakutoshi: anasubiri upigwe au ufike kwa mpigaji.

Besiboli ya wakubwa haina kizuizi hicho. Mkimbiaji hujisogeza mapema, mrushaji akiwa bado ameushika mpira. Huko vituo vimeachana mita 27.43, ilhali kwenye softiboli ya mrusho wa kasi ni mita 18.29 tu. Umbali mfupi hivyo, hatua tatu za bure zingekuwa sawa na kumgawia kituo kizima. Ndiyo maana naiona adhabu ile kali kuwa ya haki kabisa, ingawa inauma.